Bangili ya Guku Katika Maji ya Mrututu

Vijana wangu wa maabara,

Siku ya kuniaga, mkuu wa shule aliniambia niandike mambo machache ya kazi yatakayowafaa ninyi mnaobaki. Nilimjibu kwamba mimi si mtu wa kuandika. Nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza nikiwa nimeshaota ndevu. Akasema, andika hivyo hivyo. Basi naandika. Ya vyeo sitayagusa, kwa sababu niliingia nikiwa mtunza maabara na nimetoka nikiwa mtunza maabara. Nitaandika ya vyombo na ya watu walionifundisha. Mwishoni nitaeleza habari ya ile chupa ya buluu iliyo rafu ya juu, ambayo kila mmoja wenu ameniuliza, na kila mmoja nimemjibu, "Iache." Sikuwa najibu hivyo kwa kiburi. Sikujua nianzie wapi.

Nianzie mgodini.

Ilikuwa miaka ya arobaini, vita vimekwisha, na kila kijana wa kwetu alikuwa anakwenda kutafuta kazi kwenye dhahabu. Mimi ni Mzinza wa upande wa Buseresere. Nilifika kwenye mgodi mmoja upande wa Geita nikitaka kushuka chini kama wenzangu, lakini karani alinitazama mabega, akaniandika chumba cha taa. Niliona aibu. Chumba cha taa kilikuwa kibanda cha bati chenye rafu ndefu, na juu ya rafu zilipangwa betri za taa ambazo wachimbaji hufunga kiunoni. Wakitoka shimoni wanazirudisha, sisi tunazitia chaji, wenzao wanazichukua. Mkubwa wa pale alikuwa Mzee Alfani, mtu wa Tabora, mrefu, mwenye kofia ya kufuma iliyotobolewa na tindikali.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia.

"Marahaba. Unavuta sigara?"

"Hapana, mzee."

"Utavuta?"

"Sijui, mzee."

"Humu ndani ukivuta hutajua tena kitu chochote."

Huo ndio ulikuwa mkutano wetu wa kwanza, na somo langu la kwanza la kemia. La pili lilikuwa la tindikali: mimina tindikali ndani ya maji, pole pole, usimimine maji ndani ya tindikali. Nililishika baada ya kuunguza kaptula. La tatu alinifundisha kwa kuniinamisha juu ya betri iliyokuwa kwenye chaji. Maji yalikuwa yanachemka ndani yake, mapovu madogo madogo, na chombo ni baridi.

"Unasikia?" akaniuliza.

Nilisikia mlio kama wa watu wengi wanaonong'ona chumba cha pili.

"Umeme unayapasua maji," akasema. "Yanatoka mapepo mawili. Moja ni hili unalovuta puani. La pili linangojea kiberiti chako."

Nimewasikia walimu wengi tangu wakati ule wakieleza jambo hilo kwa maneno marefu zaidi. Sijasikia aliyeongeza mengi.

Kuna jambo moja la Mzee Alfani nataka mlijue, kwa kuwa linahusu chupa. Mwisho wa rafu palikuwa na taa moja ambayo haikutolewa kwa mtu. Ilikuwa ya fundi wa baruti kutoka Songea. Taa ilirudi kutoka shimoni, mtu hakurudi. Kila jioni Mzee Alfani aliitia chaji pamoja na nyingine, akaongeza maji, akafuta vichwa vyake vya risasi kwa kitambaa. Nilimuuliza kwa nini tunapoteza chaji. Akanijibu bila kugeuka, "Akija kuichukua, aikute inawaka." Tangu siku ile, nikipita mwisho wa rafu, nilikuwa napunguza hatua.

Mgodi ulipopunguza watu, na mimi nilipunguzwa. Nikasikia shule ya Shinyanga, hii yetu, inatafuta mtu anayejua betri. Nilikuja na barua ya Mzee Alfani iliyosema, nadhani kwa haki, kwamba mimi ni mzito kuelewa lakini nikielewa sisahau.

Shule haikuwa na umeme. Tulikuwa na betri mbili za lori, na chaji tuliipata kwenye kinu cha pamba, kwenye injini yao. Nilizipeleka kwa baiskeli, moja moja, nimeifunga nyuma kwa mpira, na wanafunzi wakanibatiza jina la Bwana Betri. Mambo niliyojifunza miaka ile niyaandike hapa kabla sijasahau. Maji ya kisima cha hapa yana chumvi na chokaa, hayafai kwa kazi ya betri wala ya majaribio. Kingeni ya mvua, na mvua ya kwanza iacheni ioshe bati. Vijiti vya kaboni vikikosekana, pasueni betri za tochi zilizokufa, mtakuta kijiti cheusi katikati. Klipu zikiota kutu ya kijani, zisugueni kwa ndimu na majivu. Bika ikipasuka ukingo, msiseme ni panya.

Mwalimu wa sayansi alikuwa Mwalimu Kaiza, kijana wa Bukoba, mwembamba, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ukaogopa kuigusa. Kisukuma hakukijua, wala hakutaka kukijua. Alikuwa akisema lugha tatu zinamtosha na moja kati ya hizo bado inamdai. Lakini nataka kumtendea haki: sijaona mwalimu aliyependa zaidi wanafunzi waelewe. Somo la elektrolisisi alilifundisha kwa kuwasimamisha vijana wawili kwenye kuta mbili, mmoja chanya, mmoja hasi, na wengine wakawa shaba. Shaba walitoka kwa chanya, wakapita katikati ya darasa, ndiyo maji, wakamkumbatia hasi.

"Huku anapungua, kule ananenepa," alisema. "Hakuna kinachopotea. Semeni."

"Hakuna kinachopotea!" darasa likaitikia.

Kwa vitendo tulikuwa na mrututu, ule ule wa buluu ambao mama zetu walitupaka kwenye vidonda, nikaukoroga katika maji ya mvua. Tulikosa kipande cha shaba cha kuweka upande wa chanya. Vibati tulivyoagiza havikufika. Mwalimu akawaambia wanafunzi walete shaba kutoka makwao.

"Lakini waya wa simu sitaki kuuona," akasema. "Ukiuleta, tutakwenda jela wote, na mimi nina mchumba."

Waliporudi kutoka likizo fupi, walileta maganda ya risasi, kufuli, na vikorokoro. Hakuna kilichofaa. Ndipo Maduhu alipoinuka.

Maduhu alikuwa kijana wa upande wa Kharumwa, wa darasa la mwisho, na alikuwa wa kwanza katika hesabu na kemia. Mtihani wa mwisho ulikuwa karibu, na Mwalimu Kaiza alikuwa akisema wazi kwamba shule nzima ikianguka, Maduhu atabaki amesimama. Mkononi alivaa bangili nene ya shaba, nyekundu, imelainika kwa kuvaliwa. Akaivua, akaiweka mezani.

"Hii ya nani?" mwalimu akamuuliza.

"Ya kwangu, mwalimu."

Mimi niliitambua. Si ya kujipamba. Kwa Wasukuma mtoto akiugua sana, mfumu, yaani mganga, anaweza kusema kuna mzee aliyetangulia anayemtaka, mmoja wa masamva, na anataka kuvaliwa. Mtoto anavishwa bangili ya mzee yule, na tangu siku hiyo wanatembea wawili. Nilimwambia mwalimu pembeni, "Mwalimu, hili si pambo." Naye, lazima niseme, hakulipuuza. Alimuuliza Maduhu mara ya pili mbele ya wote kama ametoa kwa hiari na kama kwao hawatakasirika. Maduhu akajibu, "Nimetoa."

Tukaipima kwenye mizani, maana mwalimu alitaka darasa lione uzito unavyohama. Bangili tukaifunga upande wa chanya. Upande wa hasi tukaweka kijiko cha chai cha Mwalimu Kaiza, cheupe, alichokuja nacho kutoka kwao. Nikaunganisha waya. Mapovu hayakutoka, hili ni jaribio la kimya. Ukitazama huoni kitu. Ukienda kula ukarudi, unaona kijiko kimeanza kuwa chekundu kama kimeona haya.

Mchana ule Maduhu alikuwa zamu ya kuosha bika pamoja nami. Tulikuwa wawili, jua kali nje, madirisha nimeyafunga nusu kwa sababu ya vumbi. Nikamuuliza bangili ni ya nani hasa.

"Ya guku," akasema. Guku kwao ni babu. "Alikufa sijazaliwa. Niliugua kichwa nikiwa mdogo, wakanivika."

"Kichwa kikapona?"

"Kilipona. Lakini yeye haendi." Alikuwa anasugua bika moja muda mrefu, ilikwisha kuwa safi. "Alikuwa mchungaji, Bwana Betri. Anataka ng'ombe. Naamka asubuhi nakuta miguu yangu ina vumbi, nimesimama kwenye uzio, nimeelekea kwetu. Wenzangu wanasema natembea usingizini. Nikisoma, anachoka, ananivuta. Nitafanyaje mtihani?"

"Ndiyo maana umeitoa?"

"Mwalimu amesema shaba inatoka huku inakwenda kule, na hakuna kinachopotea. Sitaki apotee. Nataka aende kule."

Akaonyesha kijiko kwa kidole chenye maji.

Kwa akili yake lilikuwa jambo la heshima: hakumtupa mzee, alimhamisha. Na alikuwa ameelewa somo vizuri kuliko darasa zima.

Kila siku betri ilipokuwa na chaji tuliendelea. Bangili ikaanza kukonda. Ilikonda vibaya, kama kitu kinacholiwa na mdomo usioonekana: kwanza ikapoteza ung'avu, kisha ikawa na vishimo, na sehemu iliyo karibu na uso wa maji ikawa nyembamba kama waya. Chini yake, kwenye sakafu ya bika, likawa linaanguka tope jeusi, laini, mfano wa masizi. Mwalimu alieleza kwamba hilo ni lile ambalo si shaba, yale yaliyochanganyika nayo, yasiyoweza kuvuka. Darasani mmoja akasema huenda ni dhahabu, na kwa watu wa ukanda wetu hilo halikuwa la kushangaza, maana hapa mtu akikohoa makohozi meusi wenzake wanamtazama kwa tamaa. Wengine walicheka. Maduhu hakucheka.

Lakini alianza kulala. Alinenepa uso. Asubuhi miguu yake ilikuwa safi. Kwenye mkono palibaki alama ya kijani pale bangili ilipokuwa, na alama ile haikutoka kwa sabuni.

Mwalimu Kaiza alifurahia kijiko chake. Kilikuwa chekundu kizuri kabisa. Kwa kuwa jaribio lilikuwa linakaa siku nyingi, kila jioni alikitoa, akakisuuza, akakiweka mfuko wa shati mpaka kesho yake. Nilimwonya asikorogee chai. Akasema yeye si mjinga, anakibeba tu, ni kielelezo.

Ndipo ukaanza mluzi.

Wa kwanza kuusikia nilikuwa mimi, nikadhani ni mchungaji nje ya uzio, maana mifugo ilikuwa inapita pale kwenda bwawani. Ulikuwa mluzi wa chini, unaopanda mara mbili halafu unakatika ghafla, kama mtu aliyeshikwa bega. Nilitazama nje, hapakuwa na mtu. Nikageuka. Mwalimu Kaiza alikuwa anaandika ubaoni, mgongo kwetu, chaki inakwenda, na mluzi unatoka kwake.

Mtu anaweza kuokota mluzi kwa wapita njia kama nilivyookota mimi Kisukuma. Hilo ninalikubali mpaka leo.

Siku ya pili au ya tatu yake, saa za asubuhi, somo likiendelea na kijiko kikiwa bado mfukoni mwake, kundi la ng'ombe lilikuwa linapita mbali kule barabarani. Mwalimu akapiga mluzi tena, anaandika. Ng'ombe wakasimama. Wote, kwa pamoja, wakainua vichwa. Kisha wakaacha njia, wakaja moja kwa moja mpaka kwenye uzio, wakasimama mstari, wakitazama dirisha la maabara. Hawakulia. Tulisikia tu pumzi zao. Mchungaji alikuwa anakuja nyuma anakimbia na fimbo.

"Nani anawaita ng'ombe wangu?" akapiga kelele. "Ninyi wasomi! Nani anawaita?"

Darasa lote likacheka. Mmoja akajibu, "Wamekuja kujiandikisha shule!" Mwalimu akageuka na chaki mkononi, akauliza kuna nini. Hakuwa anajua kama amepiga mluzi. Nilimtazama vizuri usoni. Hakuwa anadanganya.

Nikamtafuta Maduhu kwa macho. Alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili.

"Huo ni wa guku," aliniambia baadaye. "Shangazi huwa anatupigia ili tuujue. Hakuna mwingine aliye nao."

Shangazi mwenyewe alifika wiki ile ile. Watu walimwita Mama Kabula. Alikuja juu ya lori la pamba, nyuzi za pamba zimemganda kwenye kitenge, mkononi kibuyu. Ndiye dada mkubwa wa baba yake Maduhu, na ndiye aliyetunza bangili ile kabla ya mtoto kuvishwa. Hakuna aliyemwita. Niliwauliza wanafunzi wote kama kuna aliyepeleka habari Kharumwa, wote wakakana. Inawezekana mmoja alidanganya. Yeye mwenyewe alieleza hivi, mlangoni mwa maabara, hata kabla hajaketi:

"Mwadila," akatuamkia kwa Kisukuma. "Baba amenijia, anasema ana baridi. Anasema yuko kwenye maji ya buluu na mwili wake umegawanywa. Yuko wapi?"

Mwalimu Kaiza alimpa kiti, akamwamkia kwa adabu. Akamweleza jaribio lote, akamwonyesha na bika. Mama Kabula alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtazama Maduhu.

"Wewe. Umemvua guku ukampa mgeni?"

"Sikumtupa, shangazi. Nilitaka nisome."

"Na huyu Mhaya anaweza kumchungia ng'ombe?"

"Mama, mimi hata mbuzi sina," Mwalimu Kaiza akasema, na nadhani alitaka kuchekesha. Mama Kabula hakucheka.

"Mrudisheni," akasema. "Akirudi mzima, mtoto atabaki amalize mtihani wake. Asiporudi mzima, namchukua kwa lori la pamba, akakae kwenye kijumba cha guku, amwombe radhi mpaka guku mwenyewe aseme basi. Huenda akasema mwaka huu. Huenda asiseme."

Mwalimu akanivuta kando. "Inawezekana," akaniambia. "Tunageuza waya tu. Kijiko kiwe chanya, bangili iwe hasi. Shaba itarudi."

Na hivyo ndivyo tulivyofanya. Ile bangili ilikuwa imebaki kama mfupa wa kuku, lakini haikuwa imekatika. Kabla ya kugeuza nililichota lile tope jeusi, nikaliweka kwenye kichupa. Nikageuza waya kwa mkono wangu. Mama Kabula alifikia kwa mke wa mpishi wa shule, na kila siku alikuja kukaa kwenye kiti kile, kimya, anatazama bika. Mara moja moja alizungumza nayo kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Pole pole. Huku, baba. Huku." Mimi nilikuwa nikikaza klipu, na sitawaficha, nilikaza hata zile zilizokwisha kukazwa.

Kijiko kikarudi kuwa cheupe kwa mabaka. Mwalimu Kaiza hakupiga mluzi tena. Bangili ikanenepa, lakini haikuwa ile. Shaba iliyorudi ilikuwa ya chengachenga, ya waridi, imejaa vinundu, kama ngozi ya mtu aliyepona ndui.

Siku shaba ilipokuwa haihami tena nikaitoa bangili, nikaisuuza kwa maji ya mvua, nikaikausha, nikaiweka kwenye mizani. Mizani haikufika pale ilipokuwa siku ya kwanza. Ilipungua. Si sana, lakini ilipungua.

Mwalimu aliona. Maduhu aliona. Mama Kabula aliichukua bangili, akaiweka kiganjani, akafumba macho. Kisha akafumbua, akanitazama mimi. Si mwalimu.

"Mwalimu anawafundisha hakuna kinachopotea," akasema. "Wewe ndiye uliyefunga nyuzi. Yote yamerudi?"

Mwalimu Kaiza, nyuma yake, alinitikisia kichwa: sema ndiyo. Midomo yake ilisema bila sauti, mtihani. Simlaumu. Alikuwa anamtetea kijana, na nusu ya moyo wangu ilikuwa upande wake. Kijana mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa. Ndiyo moja tu, na ataendelea na masomo. Hapana moja tu, na jioni atakuwa juu ya pamba.

Nikafikiri habari ya Mzee Alfani na taa yake. Sijui kwa nini.

"Hayakurudi yote, mayu," nikasema, nikimwita mama kwa lugha yao.

Mwalimu akageukia dirisha. Maduhu akakaa chini, pale pale alipokuwa.

"Mengine yako wapi?"

"Mengine ni tope hili." Nikampa kichupa. "Na mengine yamebaki majini. Siwezi kuyatoa yote. Nikitoa haya, yanabaki mengine."

Akaonyesha bika. "Nipe na maji."

"Maji haya ni sumu, mayu. Yakimwagika malishoni yataua ng'ombe."

"Ng'ombe wake mwenyewe," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. Kisha akasimama. "Ungeniambia yote yamerudi, ningejua ni uongo, ningemchukua mtoto saa hii hii. Nimembeba baba mkononi kabla huyu hajazaliwa. Naujua uzito wake."

Akamvika Maduhu bangili. Akajaza kinywa maji ya unga wa mtama kutoka kwenye kibuyu, akampulizia kifuani, kisha akageuka, akaipulizia na ile bika. Matone meupe yakaelea juu ya buluu, yakazama pole pole.

"Guku yuko nusu kwa mtoto, na nusu yuko humu," akasema. "Sasa nikimchukua mtoto, naacha nusu ya baba peke yake kwa wageni. Haiwezekani. Maduhu, utabaki naye humu mpaka umalize hayo ya mtihani. Usome akikusikia. Akikuvuta, mwambie uko hapa hapa. Na wewe, baba," akaniambia mimi, "usimwache akauke."

Kichupa cha tope alikipeleka Kharumwa, kwenye kijumba cha guku. Kama kulikuwa na dhahabu ndani yake, iko pale.

Maduhu alifanya mtihani katika chumba kile kile, akiwa amekaa chini ya rafu, na asubuhi miguu yake ilikuwa safi. Alifaulu. Akaja kuwa bwana mifugo, jambo ambalo Mwalimu Kaiza alilicheka sana, na mimi sikulicheka. Kila akipita Shinyanga huingia maabara. Anavua kofia, anasimama mbele ya rafu, anasema, "Shikamoo, guku." Mwalimu Kaiza mpaka leo anasema hakuwahi kupiga mluzi maishani mwake, na kwamba ng'ombe walifuata harufu ya chumvi. Inawezekana. Nimelifikiria sana hilo la chumvi.

Sasa chupa. Yale maji niliyamimina humo siku ile ile, na ndiyo hayo. Ina kizibo cha kioo, nimekizungushia nta na uzi. Hata hivyo maji yanapungua. Ongezeni ya mvua, ya kisima yatafanya yawe na ukungu. Kuna alama nimeichora kwa kisu kwenye kioo. Maji yakishuka chini yake utasikia mluzi wa chini, unaopanda mara mbili na kukatika. Mkaguzi mmoja aliusikia, akasema ni upepo unaopita kwenye mdomo wa chupa, na maji yakishuka sauti hubadilika. Alikuwa mtu mwenye elimu na maelezo yake ni mazuri. Nilimwonyesha kizibo. Alikitazama, akaandika kwamba maabara ni safi, akaondoka kabla ya chai.

Nimeijaza asubuhi ya kuaga. Mkisahau, atawakumbusha. Na mkiona ng'ombe wamesimama kwenye uzio wanatazama dirisha, msiwapige mawe. Pandeni kwenye kiti, muongeze maji.